Shajara ya mradi: kadi 40 za Kiingereza cha "kutia kichwani"

Shajara hii naiweka kwa ajili ya mwalimu au kijana yeyote wa pwani atakayependa kuiga kazi hii bila kupitia makosa yangu. Palipokwenda sawa nimepita haraka. Waliosoma nami sitawataja majina, nitawaita kwa kazi zao: Nahodha, Hafidhi (mhifadhi wa Qurani), Mapokezi (wa hotelini), na wengine wanne ambao wote ni waongoza watalii.

12 Aprili 2025. Chanzo

Upepo wa kusi umeingia hapa Lamu. Baadhi ya nyumba za wageni kule Shela zimefungwa kusubiri Julai, na waongoza watalii wetu wanashinda uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome wakipiga dhumna. Huu ndio msimu wa kusoma, maana hakuna wa kumkosesha mtu riziki.

Kisa chenyewe ni cha mwaka jana. Mmoja wa vijana hawa alimtembeza mama mmoja wa Kiingereza, akammwagia historia yote bila kuvuta pumzi: Ngome imejengwa kati ya 1813 na 1821, mji umeingia kwenye orodha ya UNESCO 2001, na kadhalika. Yule mama akacheka akamwambia, "They really drummed it into you, didn't they?", yaani walimkaririsha kweli kweli. Kijana akasikia "drum", akadhani anaulizwa habari za twari. Akamjibu kwa adabu kwamba ngoma hizo ni za Maulidi, na Maulidi yameshapita. Mama akaitikia kwa kichwa, na mazungumzo yakafia hapo.

Kijana mwenyewe ndiye aliyenisimulia, kwa uchungu. "Mwalimu, maneno yote niliyajua. Nilichokikosa ni alichokisema."

Basi nimeamua kutengeneza kadi 40 za nahau za Kiingereza zinazohusu kufundisha kwa nguvu na kujifunza kwa kurudia. Wageni wetu wengi ni walimu wastaafu, na wakikaa kwenye baraza na kikombe cha kahawa hawakawii kuanza habari za shule. Sababu ya pili ni ya ubishi wangu tu: nataka nahau za kurudiarudia zifundishwe kwa kurudiarudia, nione kama zinashika. Nimejiwekea bajeti ya shilingi 6,000.

19 Aprili. Kadi za kwanza, na nyundo iliyokwenda nyumbani

Kukusanya nahau ilikuwa kazi ya jioni mbili. "Drum into", "hammer home", "drill", "beat into", "din into", "ram down someone's throat", "learn by rote", "learn by heart", "parrot-fashion", "learn the ropes", "cram", "sink in", "in one ear and out the other", na nyinginezo.

Kosa lilikuwa kwenye tafsiri. Niliona nitaokoa muda nikiachia simu inifasirie, kisha nisahihishe. "Hammer home" ikarudi ikiwa "nyundo nyumbani". "Learn the ropes" ikawa "jifunze kamba". Nikacheka, nikasahihisha zile za kuchekesha, lakini nyingine kumi na kitu zilizokuwa na sura ya ukweli nikaziacha zipite. Hizo ndizo zilizonigharimu baadaye. "Drum into" niliiandikia "kupigia ngoma kichwani", nikaona nimetoa picha nzuri. Hakuna Mswahili asemaye hivyo. Mtu akisikia ngoma kichwani atadhani unaumwa, au una wazimu, au una shetani anayetaka kuchezewa.

Rahisi zilikuwa mbili tu. "Parrot-fashion" haikuhitaji hata maelezo, kwani kasuku ni kasuku huku na huko. Na "in one ear and out the other" tunayo neno kwa neno: limeingia sikio hili likatokea lile.

Karatasi za manila 300, kuchapisha kwenye saiba 480.

26 Aprili. Sanduku

Nimefuata mpango wa Mjerumani Sebastian Leitner, aliyeuandika mwaka 1972. Ni sanduku lenye vyumba vitano. Kadi zote huanzia chumba cha kwanza. Ukiijua, inasogea mbele. Ukiikosea, inarudi mpaka mwanzo hata kama ilikuwa imefika cha nne. Chumba cha kwanza hufunguliwa kila siku, cha pili kila baada ya siku mbili au tatu, cha mwisho mara moja kwa mwezi hivi. Kwa hiyo unachokijua hakikuchoshi, na usichokijua hakikuachi.

Kabla yake alikuwapo Hermann Ebbinghaus, Mjerumani mwingine, ambaye 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana yoyote, akangoja, kisha akajifunza upya na kupima ni kiasi gani cha kazi kilichopungua. Baada ya siku moja aliokoa kama theluthi tu. Baada ya mwezi, kama sehemu moja ya tano. Niliwaeleza vijana haya, Nahodha akauliza kwa nini mtu mzima ajitese na silabi zisizo na maana. Nilimwambia alitaka kupima usahaulifu mtupu, bila maana kuja kumsaidia. Nahodha akasema basi angekuja kusoma na sisi.

Sanduku limetengenezwa na fundi seremala mmoja wa mtaa wa Langoni kutokana na vipande vya mbao vilivyobaki kwenye kazi ya mlango. 1,800. Nilimwambia vyumba viwe sawasawa, vitano, kwa kuwa nilipenda lipendeze. Kosa. Vyumba vya nyuma ndivyo kadi zinakojikusanya, na vinatakiwa viwe vipana kuliko vya mbele. Haya naongeza baadaye: nimeyajua chumba cha tatu kiliposhindwa kufungika huku cha kwanza kina hewa tupu. Fundi alitoa mbao za kugawia na kuzichomeka upya kwa 300, akaniuliza kama mwanzo sikuwa na futi.

Lakini safari ya kwa fundi ililipa kwa njia nyingine. Nilipokuwa nikimsubiri alikuwa anapigilia msumari wa mwisho kwenye kitako, na kichwa cha msumari kilikuwa kimechomoza kidogo. Nikanyoosha mkono nilichukue sanduku. "Ngoja, mwanangu," akasema, "huu haujafika kwao." Akaugonga mara mbili zaidi, kichwa kikalala sawa na ubao.

Haujafika kwao! Hiyo ndiyo "home" ya "hammer home". Waingereza hawasemi nyumba ya kulala. Wanasema mahali pa kitu, mwisho wa safari yake, pale kinapokaa kikatulia. Simu haikuwa imekosea sana, ilikosa "-ao" tu. Nimeifuta kadi na kuiandika: kupigilia hoja mpaka ifike kwao.

10 Mei. Wiki mbili za hasara

Haya ndiyo makubwa, kwa hiyo nitayaeleza kwa urefu.

Nilianza na kadi 16 kwa mpigo. Kumi na mbili kati yake zilikuwa za nguvu: kupiga ngoma, kupiga nyundo, kutoboa, kupiga, kushindilia, kugonga. Niliona ni busara kuziweka pamoja kwa kuwa zinafanana. Tulikutana kila siku baada ya magharibi, barazani kwangu, tukarudia na kurudia. Leo nimewapima. Wastani ni kadi 5 kati ya 16.

Wanasahau, ndiyo, lakini walizozikosea hawakuzisahau. Walizichanganya. Mapokezi aliniandikia "hammer into the throat". Mmoja wa waongoza watalii akaandika "drum home". Kila mmoja alikumbuka kwamba kuna kitu kinapigwa mahali, bali ni kitu gani na ni mahali gani, hilo limekuwa uji. Vitu vinavyofanana vikifundishwa siku moja hulana vyenyewe kwa vyenyewe. Haya yamo katika kila kitabu cha ualimu nilichopata kukisoma, na bado nimeyafanya.

Na lipo la pili, ambalo lilinichoma zaidi. Nilipoangalia nilivyofundisha majuma yale mawili, nilikuwa nimesimama mbele ya watu wazima saba nikirudia sauti ile ile, na wao wakinijibu kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza. Nahodha aliniambia kwa upole, akinisubiri nimalize kukunja mkeka: "Mwalimu, hizi kadi zako unatushindilia kama baruti kwenye mzinga."

Nilikaa nikalifikiri neno lake usiku kucha. Kushindilia. Ndiyo "ram" yenyewe! Mzinga au gobori la zamani ulilijaza baruti kwa mdomo wake, ukaisukuma chini kwa mti mpaka ikakaza. Mizinga ya zamani tunaipita kila siku hapo Ngomeni, na mimi nilikuwa nimeandika kwenye kadi "kulazimisha kooni". Nahodha amenipa tafsiri akinilalamikia, na malalamiko hayo ndiyo maana halisi ya nahau. Mwingereza hatumii "ram down someone's throat" ila akilalamika.

Marekebisho: zisizidi kadi nne mpya kwa wiki, na wiki moja isiwe na kadi mbili zenye picha moja. "Hammer" ikija wiki hii, "drum" inangoja wiki mbili. Kati yao naweka zisizo na ugomvi, kama "learn the ropes".

Hiyo ya kamba, kwa njia, haikunipa shida hata kidogo. Maana yake ni kuzijua taratibu za kazi, na asili yake ni jahazi za tanga za Kizungu, ambapo baharia mgeni alitakiwa kwanza azijue kamba zote. Nahodha alinyanyuka akatuonyesha kwa mikono: henza hii ya kupandishia tanga, demani hii, amari ya nanga hii. "Asiyejua demani," akasema, "namfunga yeye." Kadi hiyo imekwenda chumba cha tano bila kurudi nyuma hata mara moja, kwa wote saba.

17 Mei. Mvua

Mvua na hewa ya chumvi vimezikunja kadi za manila zikawa kama majani ya mgomba yaliyokauka. Wino wa saiba umetoka. Nimeandika upya kwa mkono kwenye manila mpya na kupeleka kupigwa laminesheni. Manila 300, laminesheni karatasi tano kwa 80, jumla 700.

24 Mei. Matondoni

"Drum into" bado ilikuwa inarudi chumba cha kwanza kila jioni. Picha ya ngoma haikuwashika. Kwetu ngoma ni furaha, inaita watu, na hakuna anayepigiwa ngoma kwa kulazimishwa. Kwa Mwingereza ngoma katika nahau hii ni mdundo usiokwisha, ule ule, mpaka masikio yakubali.

Nilikuwa nawaza hayo nikakumbuka sauti. Kila aliyepata kufika kijiji cha Matondoni, vyombo vya baharini vinapotengenezwa, anaijua. Tukakodi mashua 2,000 kwenda na kurudi, mahamri na chai 350. Ndiyo matumizi makubwa kuliko yote ya mradi huu, na siyajutii.

Chombo kilikuwa kimeinuliwa ufukweni, na wazee wawili walikuwa wanakalafati. Pamba iliyosokotwa na kutiwa mafuta inaingizwa kwenye maungo ya mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Ko, ko, ko. Si pigo kubwa. Pigo kubwa hupasua ubao. Ni pigo dogo, lile lile, mahali pale pale, mpaka pamba imekaa na maji hayana pa kuingilia. Tulikaa chini ya mnazi kama saa moja hivi, tusiseme. Mapokezi ndiye aliyevunja kimya: "Mwalimu, hii ndiyo drum into."

Ndiyo hiyo. Somo ni pamba, mtu ni chombo, na mwalimu ni yule mzee asiyechoka. Mmoja wa wale mafundi alituuliza tumekuja kununua au kutazama tu. Nikamweleza. Akasema, bila kuinua kichwa, "Pole pole. Moya moya."

Tulipata na ya pili bila kuitarajia. Kando alikuwapo kijana anayetoboa kwa keekee. Uta wake unakwenda mbele unarudi nyuma, mbele na nyuma, na ncha inazunguka mahali pamoja mpaka tundu limetokea upande wa pili. Neno "drill" Waingereza walilichukua kwa Waholanzi katika karne ya 17, na lilikuwa na maana ya kuzungusha na kutoboa. Likaingia jeshini kwa maana ya mazoezi ya kurudia, ambayo sisi tunayaita kwata, ndipo likaingia darasani. Mimi nililiandika "kutoboa kichwa", na Hafidhi alikuwa amekataa katakata kuikariri kadi hiyo kwa kuwa inatisha. Sasa imeandikwa: kwenda na kurudi kama uta wa keekee. Jioni hiyo hiyo watu sita kati ya saba waliijua.

14 Juni. Nani anapigwa?

Baada ya Idd tumerudi tukiwa wazito, na hesabu ya wiki hii sitaiandika.

Laminesheni imetatuka pembeni. Sababu ni ujinga wangu: nilipiga karatasi nzima kisha nikakata kadi, kwa hiyo kila ukingo wa kadi ulikuwa karatasi iliyo wazi, na unyevu umeingilia hapo. Kwa atakayeiga: kata kadi kwanza, zipange kwenye plastiki zikiachana, piga laminesheni, ndipo ukate tena ukiacha ukingo mwembamba wa plastiki tupu kuzunguka kadi yote. Zinaingia chache kwa karatasi moja, ndiyo, lakini maji hayaingii. Manila 150, laminesheni karatasi sita 480, kalamu nyekundu na buluu 160. Jumla 790.

Kalamu za rangi ni kwa ajili ya tatizo ambalo sikuliona mpaka walipoanza kuzitumia nahau katika sentensi zao. Mwongoza watalii mmoja aliandika, "My teacher drummed me the dates." Mwingine akaandika, "She hammered me home," sentensi ambayo ukiifikiri vizuri ni ya kwenda polisi.

Kosa hilo ni la Kiswahili chetu kizuri kikipita kwenye mlango usio wake. Sisi husema, "Mwalimu alinikaririsha tarehe." Mtu ndiye anayetendwa, yumo ndani ya kitenzi chenyewe, ni-, na somo linafuata nyuma. Kiingereza kinafanya kinyume. Kinachopigwa ni somo, na mtu ni mahali linapoingia: "drum the dates into me". Ukiligeuza katika kauli ya kutendwa, Mswahili anasema "tulikaririshwa", mtu mbele, na Mwingereza anasema "it was drummed into us", somo mbele na mtu mkiani. Halafu "drill", kwa ukaidi wake, inakubali njia zote mbili: unaweza kusema "drill the rules into them" na pia "drill them in the rules". Hapo Mapokezi aliweka kalamu chini akaomba maji.

Nikaanza kuona kwa nini tafsiri zangu za Aprili zilikuwa mbovu zote. Nilikuwa natafuta chombo: Mwingereza ana ngoma, na mimi nitafute ngoma; ana nyundo, nitafute nyundo. Lakini Kiswahili nguvu ya kurudia hakiiweki kwenye chombo. Kinaiweka ndani ya kitenzi. Kariri, karirisha, karirishana. Rudia, rudiarudia. Kitenzi chenyewe kinajirudia mdomoni mwa msemaji. Mwingereza ambaye hana viambishi hivyo anakwenda kwa seremala kuazima vifaa.

Basi sasa upande wa mbele wa kadi kuna pengo mbili, "drum ___ into ___", ya kwanza nyekundu kwa somo, ya pili buluu kwa mtu. Upande wa nyuma naandika kitenzi cha Kiswahili kwanza, kisha picha ikiwepo. Nimezibadilisha kadi zote 40. Sikulala.

28 Juni. Ugomvi wa "rote"

Kadi ya 17 ni "learn by rote". Nilikuwa nimeandika "kukariri bila kuelewa". Hafidhi akaichukua, akaisoma, akairudisha kifudifudi juu ya mkeka.

"Mwalimu, mimi nimehifadhi juzuu kumi na mbili kabla sijajua maana ya aya moja. Maana ilikuja baadaye, ikakuta nyumba iko tayari. Sasa Mzungu akiniuliza nilisomaje, nimwambie by rote?"

Nilimwambia kwa maana ya kamusi, ndiyo. Akauliza kwa nini basi neno lenyewe linanuka. Alikuwa na haki. "By rote" siku hizi karibu kila mara husemwa kwa dharau: mtoto anataja majedwali ya kuzidisha lakini hajui ni ya nini. "By heart" ni kazi ile ile ikisemwa kwa upendo. Ni neno la zamani sana: Chaucer alilitumia katika karne ya 14, na Wafaransa nao wana "par cœur" mpaka leo. Sisi tunasema kwa moyo, au kwa ghibu, na tunasema kuhifadhi, yaani kuweka mahali salama pasipofikiwa na mwizi wala mchwa. Mimi mwenyewe, chuoni kwenye masomo ya Qurani, hakuna aliyeniambia nakariri bila kuelewa. Waliniambia nahifadhi, na kesho nitadurusu.

Mapokezi hakukubaliana naye. Shule aliyosoma yeye, alisema, alikaririshwa mambo ambayo mpaka leo hayajakutana na maana yake popote, na viboko juu yake, ijapokuwa viboko shuleni vimepigwa marufuku Kenya tangu 2001. Akataka kadi ya "beat it into them" isiandikwe kwamba ni mfano tu wa maneno. Tukabishana mpaka isha. Nahodha, ambaye ni mkubwa kuliko sote, akasema alipigwa chuoni na shuleni pia, na cha chuoni bado anacho, na cha shuleni hajui kilikwenda wapi, lakini hajui kama fimbo ndiyo iliyoleta tofauti. Nilijaribu kuwapoza kwa "spare the rod and spoil the child", yaani ukiinyima fimbo unamharibu mtoto, nikawaeleza kwamba maneno hayo ni ya mshairi Samuel Butler wa 1664, na kwamba wengi hudhani yamo kwenye Biblia hivyo hivyo, ilhali kitabu cha Mithali kina maana hiyo kwa maneno mengine. Hakuna aliyepoa.

Matokeo ya ugomvi: kila kadi sasa ina alama pembeni. Duara jeupe kwa nahau ya kawaida, duara lililojazwa kwa nahau ya kulalamika au kudharau. "By rote" imejazwa. "Ram down" imejazwa. "Drill" nyeupe. "Drum into" nimeiweka nusu kwa nusu, maana mtu mzima huitumia pia kwa tabasamu akikumbuka utoto wake, kama alivyofanya yule mama wa Ngomeni.

"Sound like a broken record", yaani kurudia jambo lile lile mpaka unachosha, tumeitupa. Nilitumia nusu saa kueleza santuri, sindano, mwanya, na kwa nini sauti inaruka na kurudi pale pale. Wenye umri chini ya thelathini walinitazama kama ninayesimulia ngano. Badala yake nimeweka "inculcate", ambayo si nahau ila nimeipenda: kwa Kilatini ilikuwa kukanyagia kitu ndani kwa kisigino, kama tunavyokanyaga udongo wa kujengea. Iliwaingia mara moja.

12 Julai. Mitaani

Wageni wameanza kurudi. Mwongoza watalii mmoja amemwambia mzee wa Kimarekani, kwa kujiamini kabisa, "Today I will hammer home to you the history of this fort." Mzee alisita mlangoni. Sarufi haina kasoro. Iliyokosea ni nia. "Hammer home" inafaa kwa hoja unayotaka isisahaulike, na mara nyingi husemwa juu ya mtu mwingine. Ukijisemea mwenyewe kwa mgeni aliyelipa, unamtisha. Nimeongeza kwenye kadi mstari mmoja: nani humwambia nani.

Kwa upande mwingine, kijana wa kisa cha twari alipata bahati yake. Mgeni alimuuliza tarehe zote hizo amezijuaje. Akajibu, "They were drummed into me. Slowly, like cotton into a boat." Mgeni akamuuliza boti gani, na wakaishia Matondoni kwa mashua, ambayo mgeni alilipa. Hiyo ya pamba haimo katika Kiingereza cha mtu yeyote, na siwezi kumkosoa.

26 Julai. Hesabu

Jumla ya matumizi ni shilingi 6,720, yaani nimezidi bajeti kwa 720. Ningejua mapema habari za ukingo wa plastiki na vyumba vipana, ningebaki na chenji.

Jaribio la leo lilikuwa la kadi zote 40, kila mmoja peke yake na mimi, bila wengine kusikia. Aliyepata nyingi ni Hafidhi, 33. Aliyepata chache ni Nahodha, 19, lakini alikuwa baharini wiki tatu, na kadi 19 hizo hakusita hata moja. Zinazoanguka zaidi bado ni zile za nguvu zisizo na picha ya hapa kwetu: "din into", yaani kumrudilia mtu kwa kelele mpaka limwingie, imeangusha watano, na sijapata cha kuifananisha nacho isipokuwa jenereta ya jirani.

Sanduku linahamia kwa Mapokezi, anayetaka kulitumia na wenzake wanne hotelini nyakati za mchana wageni wakiwa ufukweni. Nimempa kwa sharti la kuwa kadi zisizidi nne kwa wiki. Ameshauliza kama sita hazitafaa.

Kadi ya 17 leo imerudi chumba cha kwanza kwa watu watatu. Mmoja wao aliijua maana, akakataa kuitaja. Kesho baada ya magharibi tunaanza nayo.